Biashara ya Butembo, kutoka chumvi hadi kontena

Kabla ya Wabelgiji kufika, Wanande wa milima ya Lubero, mashariki mwa Kongo, walishuka hadi Ziwa Edward kutafuta chumvi ya Katwe. Walibeba maharagwe, ulezi na butega, bangili za nyuzi zilizotumika kama fedha.

Butembo, mji wa milima hiyohiyo, ulikuja baadaye. Ulianza kukua miaka ya 1920, kampuni ya Minière des Grands Lacs ilipoweka kituo chake cha madini. Maduka makubwa yalikuwa ya wageni, Wagiriki wakiwamo, na mwenyeji aliachiwa soko la chakula. Lakini baridi ya milima inastawisha viazi, kabeji na vitunguu, na Kisangani na Kinshasa zilivihitaji sana. Mchuuzi wa mboga akanunua lori, mwenye lori akafungua duka.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alitangaza kuwa biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire. Kwingi zilichukuliwa na wakubwa wa chama na serikali, na bidhaa zikaisha madukani bila kurudishwa. Wanande walikuwa mbali na ikulu na hawakugawiwa nyingi. Walilazimika kuendelea kutegemea mashamba na barabara, na hilo liliwafaa. Kahawa na dhahabu vilivuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda, sehemu kubwa kwa magendo, na malori yakarudi na sabuni, nguo na mafuta.

Fedha za biashara hiyo ziliwafikisha Dubai, kisha Hong Kong, Guangzhou na Jakarta. Kontena zilishushwa Mombasa, zikapita Kampala na kuingia Kasindi. Wafanyabiashara kadhaa waliweza kuchangia kontena moja, na mizigo iligawiwa wauzaji wa rejareja kwa mkopo: ndugu, majirani, waumini wa kanisa moja. Benki hazikuwa na sehemu kubwa. Aliyekula deni aliharibu jina lake, na bila jina hakuna aliyempa mzigo tena. Kwa njia hiyo Barabara ya Président de la République ilijaa maghala na maduka ya jumla, yaliyohudumia hata wanunuzi wa Bunia, Isiro na Kisangani.

Vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003 havikuyafunga maduka hayo. Waasi wa kundi la RCD-ML, wakiongozwa na Mbusa Nyamwisi, walitawala Beni na Butembo, na wafanyabiashara wakubwa wakawalipa ushuru kabla mzigo haujafika ili wapunguziwe. Mapatano hayo yalilisha bunduki, lakini pia yalilinda njia ya Kasindi.

Mapigo ya karibuni yamekuwa mazito zaidi. Mashambulizi ya kundi lenye silaha la ADF yamefanya barabara za Beni kuwa hatari. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilipita katika miji ya Beni na Butembo, na ndoo za kunawia mikono zikawekwa milangoni mwa maduka. Juni 2024 waasi wa M23 waliteka mji wa Kanyabayonga, lango la kusini la Lubero. Barabara ya Goma, iliyopitisha mboga kwa miongo mingi, ikaangukia mikononi mwao, na Butembo ikazidi kutegemea Kasindi.