Fahamu kanuni za mpira wa magongo wa viatu vya magurudumu na jinsi mashindano yake yanavyopangwa

Mpira wa magongo wa viatu vya magurudumu ni mchezo wa kasi, unaohitaji sakafu ngumu, gongo na mpira mdogo, na bara la Afrika limekwisha kuandaa fainali zake za dunia. Makala haya yanaeleza kanuni zake za msingi na njia za kuendesha mashindano kwa haki. Mfano wetu ni miji ya mpakani ya Busia, Malaba na Tororo, ambako timu za Kenya na Uganda zinaweza kukutana bila safari ndefu, na ambako kanuni isiyoandikwa mapema inaweza kugeuza mchezo kuwa ugomvi wa nchi mbili.

Michezo miwili yenye jina moja

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kuna michezo miwili inayochanganywa mara kwa mara. Wa kwanza huchezwa kwa viatu vyenye magurudumu manne yaliyopangwa mawili mbele na mawili nyuma. Gongo lake ni fupi, limepinda mwishoni, na hupiga mpira mgumu wa mviringo. Huu ndio mchezo unaopendwa sana Ureno, Hispania, Italia na Argentina.

Wa pili huchezwa kwa viatu ambavyo magurudumu yake yamepangwa katika mstari mmoja. Huu ni ndugu wa karibu wa mpira wa magongo wa barafuni: gongo ni refu, na badala ya mpira hutumika kisahani, ingawa wanaocheza juu ya lami mara nyingi huchagua mpira. Michezo yote miwili husimamiwa na shirikisho la kimataifa liitwalo World Skate, lililoundwa mwaka 2017 baada ya mashirikisho mawili kuungana.

Tofauti hii ina uzito kwa wasikilizaji wetu walio ughaibuni wanaokusanya vifaa ili kuvituma nyumbani. Magongo ya mchezo mmoja hayafai katika mchezo mwingine, na kipa wa mchezo mmoja havai kama kipa wa mwingine. Kabla ya kununua au kupokea msaada wa vifaa, uliza kwanza ni mchezo upi unaokusudiwa.

Uwanja na vifaa

Uwanja rasmi wa mchezo wa kwanza una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, umezungushiwa ukuta wa kimo cha mita 1, na pembe zake zimepindwa ili mpira usikwame. Lango lina upana wa sentimita 170 na kimo cha sentimita 105. Mpira una mzingo wa sentimita 23 na uzito wa gramu 155. Gongo halipaswi kuzidi sentimita 115 kwa urefu.

Vipimo hivyo vya mita 40 kwa 20 ni sawa kabisa na vya uwanja wa mpira wa mikono, mchezo unaochezwa katika shule nyingi za Kenya na Uganda. Kwa hiyo shule yenye uwanja wa mpira wa mikono uliosakafiwa vizuri ina nafasi ya kutosha kwa mchezo huu. Uwanja wa mpira wa kikapu, wenye mita 28 kwa 15, ni mdogo mno kwa mechi rasmi, lakini unafaa kwa mazoezi na kwa mechi za watu watatu kila upande.

Sakafu ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950, kilipojengwa kiwanda chake, lakini saruji peke yake haitoshi. Sakafu lazima iwe laini, isiyo na nyufa wala changarawe, na lazima iwe kavu. Gurudumu dogo likikutana na ufa, mchezaji huanguka. Kipa hulazimika kuvaa kinga ya kichwa na uso, kifua, mikono na miguu. Kwa wanaoanza, ni busara kila mchezaji avae kofia ngumu, kinga za magoti na viwiko.

Wachezaji, muda na makosa

Kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani: kipa mmoja na wengine wanne. Kikosi kizima cha mechi hakizidi watu 10, wakiwamo makipa wawili. Kubadilisha wachezaji kunaruhusiwa wakati wowote, bila kusimamisha mchezo, mradi anayetoka awe ametoka kabla mwenzake hajaingia.

Mechi rasmi ya watu wazima ina vipindi viwili vya dakika 25, na saa husimamishwa kila mchezo unaposimama. Kwa vijana muda hufupishwa. Timu iliyo na mpira ina sekunde 45 za kukamilisha shambulizi, na haipaswi kukaa katika nusu yake zaidi ya sekunde 10. Kanuni hizi mbili zinaizuia timu inayoongoza kuuficha mpira ili kumaliza muda.

Kumsukuma, kumkumbatia au kumpiga mpinzani kwa gongo ni kosa. Kinachoutofautisha mchezo huu na mingine mingi ni kwamba makosa ya timu nzima huhesabiwa kwa pamoja. Kosa la 10 huwapa wapinzani pigo la moja kwa moja, ambapo mchezaji mmoja hubaki ana kwa ana na kipa. Baada ya hapo pigo kama hilo hutolewa kwa kila makosa matano yanayoongezeka, yaani kosa la 15, la 20 na kuendelea. Ndiyo sababu mezani panatakiwa karani makini: hesabu yake inaweza kuamua mechi.

Kuna kadi za rangi mbili. Kadi ya buluu humtoa mchezaji kwa dakika 2. Kadi nyekundu humtoa kwa mechi yote, na timu yake inaweza kucheza ikiwa pungufu kwa muda usiozidi dakika 4.

Katika mchezo wa pili, ule wa viatu vya mstari mmoja, wachezaji pia ni watano kila upande, kipa akiwamo. Hakuna kuotea, na tofauti na mchezo wa barafuni, kumgonga mpinzani kwa mwili kwa makusudi hakuruhusiwi.

Njia tatu za kupanga mashindano

Tuchukue mfano wa timu nane: nne kutoka upande wa Kenya na nne kutoka upande wa Uganda.

Njia ya kwanza ni ligi, kila timu kukutana na kila nyingine. Hii ndiyo njia ya haki zaidi, lakini timu nane huhitaji mechi 28. Inafaa kwa msimu wa miezi kadhaa, si kwa siku mbili.

Njia ya pili ni mtoano tangu mwanzo. Timu nane humaliza kwa mechi saba tu. Ubaya wake ni kwamba nusu ya timu hurudi nyumbani baada ya mechi moja, na kwa vijana waliochangisha nauli hilo ni pigo zito.

Njia ya tatu ni makundi kisha mtoano. Makundi mawili ya timu nne huzaa mechi 12. Ukiongeza nusu fainali mbili, mechi ya mshindi wa tatu na fainali, jumla ni mechi 16, na kila timu ina uhakika wa kucheza mara tatu.

Je, mechi 16 zinawezekana kwa uwanja mmoja? Tuseme kila mechi ina vipindi viwili vya dakika 15 bila kusimamisha saa, mapumziko ya dakika 5, na dakika 10 za timu kupishana. Hiyo ni dakika 45 kwa mechi, au saa 12 kwa mechi zote. Ukigawa kwa siku mbili, kila siku ina mechi nane zinazochukua saa sita: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ratiba hiyo inaacha nafasi kwa mvua za alasiri, ambazo ni za kawaida katika ukanda wa Ziwa Viktoria, na sakafu iliyolowa haichezeki.

Pointi zinapolingana

Kwa kawaida ushindi una pointi 3, sare pointi 1, na kushindwa hakuna pointi. Ugomvi huanza timu zinapolingana. Tuangalie kundi lenye timu A, B, C na D. A imeifunga B mabao 2 kwa 1. B imeifunga C 3 kwa 0. C imeifunga A 4 kwa 3. Zote tatu zimeifunga D: A kwa 2 bila, B kwa 1 bila, na C kwa 9 bila. A, B na C zina pointi 6 kila moja, na nafasi za nusu fainali ni mbili.

Tukitazama tofauti ya mabao katika mechi zote, C ina mabao 7 ya ziada, B ina 3 na A ina 2. Zinazofuzu ni C na B, A inatolewa. Lakini tukitazama kwanza mechi za timu hizo tatu zenyewe, B ina mabao 2 ya ziada, A iko sifuri, na C ina upungufu wa mabao 2. Zinazofuzu ni B na A, C inatolewa.

Matokeo ni yale yale, ila kanuni ni tofauti na timu inayoaga ni tofauti. Hakuna kanuni kati ya hizo mbili iliyo ya dhuluma. Dhuluma ni kuichagua baada ya mechi kuchezwa, hasa ikiwa anayechagua ni mwenyeji wa upande mmoja wa mpaka.

Hatari ya mechi ya mwisho

Katika Kombe la Dunia la soka la mwaka 1982 nchini Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia mechi yao ya mwisho ya kundi zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Ujerumani ungezivusha zote mbili na kuitoa Algeria. Ndivyo ilivyokuwa: 1 kwa 0. Tangu fainali za mwaka 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja.

Mashindano yenye uwanja mmoja hayawezi kufanya hivyo. Dawa iliyopo ni kufanya droo ya nusu fainali hadharani baada ya makundi kumalizika, ili timu isiweze kuchagua mpinzani, na kutotangulia kuzikutanisha timu zinazotarajiwa kufuzu katika mechi ya mwisho.

Timu za nchi mbili

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Watoto wasio na vitambulisho ni suala jingine: mwandaaji aulize ofisi ya uhamiaji mapema ni hati zipi zinazotakiwa. Saa ni moja pande zote mbili, lakini shilingi si moja, hivyo ada ya kuingia itajwe kwa sarafu zote mbili.

Waamuzi wa mechi kati ya timu ya Kenya na ya Uganda watoke pande zote mbili. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote za mpaka, na majirani zao Wajopadhola wako Tororo. Kiswahili kinafaa kuwa lugha ya kanuni zilizoandikwa, ili kila nahodha asome maneno yale yale.

Afrika ilipo

Mchezo huu ulikuwa wa maonyesho katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, Argentina ikiibuka mshindi. Mwaka 2011 Msumbiji ilishika nafasi ya nne duniani katika mashindano yaliyofanyika San Juan, Argentina, na mwaka 2013 Angola ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano hayo.

Nchini Kenya, klabu ya Ice Lions ya Nairobi hutumia viatu vya mstari mmoja inapofanya mazoezi nje ya barafu. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mpira wa magongo wa barafuni.

Kwa anayetaka kuanza, mambo matano yaandikwe na kusainiwa na manahodha wote kabla ya mechi ya kwanza: ni mchezo upi kati ya miwili, muda wa mechi, umri wa wachezaji, namna ya kutenganisha timu zenye pointi sawa, na nani atasikiliza malalamiko. Karatasi hiyo haina gharama kubwa, na ndiyo itakayoamua iwapo timu iliyoshindwa itakubali kurudi mwaka unaofuata.