Sadaka si mbegu

Siku hizi katika baadhi ya mikutano ya injili mhubiri haombi sadaka. Anawataka watu "wapande mbegu". Namba ya kutumia pesa inapita chini ya skrini, na mama muuza mchicha anaambiwa elfu kumi yake itamrudia laki moja. Neno limebadilishwa, na imani nayo imebadilishwa. Apandaye mbegu anangoja kuvuna. Hapo hakuna kutoa, kuna biashara, tena ambayo hasara yote ni ya mama wa mchicha.

Sadaka tumeipata kwa Waarabu, kutoka mzizi uleule uliotupa kusadiki. Ndani yake mna ukweli. Anania na Safira, katika Matendo ya Mitume sura ya 5, hawakuanguka kwa kutoa kidogo, bali kwa kusema uongo juu ya walichotoa. Dhabihu nayo yatokana na kuchinja, na kwa Mkristo aliyechinjwa ni Kristo mwenyewe, mara moja tu, bila mtu kulipishwa.

Wahubiri wa mbegu wanakipenda mno kisa cha mjane wa senti mbili, Marko 12. Mbona aya ya 40, iliyotangulia kisa hicho, wanairuka? Hapo Yesu anawakemea waandishi wanaowafilisi wajane kwa kisingizio cha sala ndefu.

Msomaji, ukiambiwa utoe ili Mungu akulipe, funga pochi yako. Mpe jirani mgonjwa nauli ya kwenda hospitali. Hiyo ndiyo sadaka.