Ombi la shangazi lilipotelea mlangoni

Wadau, nimekuwa kimya wiki tatu nzima na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko! Nipo nyumbani Momela kwa siku chache kabla ya kurudi chuoni kutetea projekti ya mwaka wa mwisho. Mtandao huku unashika vizuri ukisimama karibu na zizi, kwa hiyo naandika huku mbuzi wananitazama. Leo sina umbea wa bweni. Nina historia, tena ya kitu nilichodhani nakijua: tovuti inafanya nini pale inapoletewa ombi.

Nianze na aibu yangu. Projekti yangu ni mfumo mdogo wa wakulima kuripoti wanyama walioingia shambani. Sisi tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na tembo wakitoka usiku, asubuhi unakuta mahindi yamelala chini. Mkulima anajaza fomu kwenye simu, anaweka picha, anatuma. Kipindi hiki cha majaribio taarifa zinakuja kwangu, nami nazipeleka ofisi ya kijiji.

Wa kwanza kuutumia kwa shida ya kweli alikuwa shangazi yangu. Tembo walipita kwake usiku. Akapiga picha, akajaza fomu, akabonyeza. Skrini ikamwambia: "Asante, taarifa yako imepokelewa." Basi akatulia. Akafuta picha ili simu ipate nafasi, akakata mabua yaliyovunjika akawapa ng'ombe. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wako wanakuja lini?" Nikafungua hifadhidata. Tupu!

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikesha natafuta kosa. Simu ya shangazi inapiga picha nzito, hiyo moja ilizidi mega 9. PHP kama ilivyo, bila kubadilishiwa mipangilio, ina kikomo cha mega 8 kwa fomu nzima inayotumwa. Ukizidisha, inaandika onyo huko upande wa seva, halafu programu yako inaikuta fomu ikiwa tupu kabisa: jina hakuna, maelezo hakuna, picha hakuna. Programu yangu ikajaribu kuhifadhi huo utupu, hifadhidata ikakataa, na mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimezima makosa yasionekane mbele ya watu. Mstari uliofuata ukasema asante.

Ndipo nikarudi kusoma historia ambayo darasani niliisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti pale CERN, Uswisi, ombi la HTTP la mwaka 1991 lilikuwa mstari mmoja: neno GET na jina la ukurasa unaoutaka. Seva inarudisha ukurasa, basi. Hakukuwa na namba za majibu. Kukitokea kosa, unaletewa ukurasa wenye maneno ya kusomwa na mtu, na mashine haikuwa na njia ya kujua kama hiyo ni habari njema au mbaya. Namba zikaandikwa rasmi kwenye HTTP 1.0, Mei 1996: 200 sawa, 403 umekatazwa, 404 hakipo, 500 nimeharibikiwa humu ndani. HTTP 1.1 ya mwaka 1997 ikaongeza 413: ulicholeta ni kikubwa mno. Hilo ndilo jibu alilostahili shangazi. Mimi nilimpa 200 ya uongo.

Upande wa kupokea nao una hadithi yake. Mwaka 1993 watu wa NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, walileta CGI: ombi likifika, seva inaamsha programu, programu inajibu, inakufa. Ombi linalofuata, inaamshwa nyingine. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf akatoa PHP na kazi ikawa nyepesi mno. Kila faili ni ukurasa, na kila ukurasa ni mlango. Tatizo ndilo hilo hilo: ukiwa na faili 40 una milango 40, na kila mlango unategemea kumbukumbu yako. Ukisahau kukagua mmoja, imekula kwako. PHP ya zamani hata ilikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals, ambao uligeuza chochote alichotuma mgeni kuwa kigezo ndani ya programu yako. Ulizimwa kwenye PHP 4.2 mwaka 2002, ukaondolewa kabisa kwenye 5.4 mwaka 2012. Watu walilizwa sana hapo katikati.

Dawa ikawa lango moja. Struts ya mwaka 2000 upande wa Java, Ruby on Rails ya 2004, Django ya 2005, zote zina wazo linalofanana: maombi yote yaingie sehemu moja, yakaguliwe, ndipo yagawiwe kwa kontrola inayohusika. Mtu wa Momela halihitaji somo refu hapa. Watalii wanaopanda Meru wanaanzia geti la Momela. Wanaandikishwa, vibali vinaangaliwa, wanapewa askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, kisha wanashika njia ya Miriakamba, Saddle, hadi kileleni mita 4,566. Asiye na kibali anaambiwa palepale getini. Hagundui akiwa Saddle.

Mfano wa kwetu Afrika Mashariki ulionigusa zaidi ni Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, vurugu zikaanza na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mwanzoni mwa Januari 2008 Ory Okolloh, kwenye blogu yake, akaomba mafundi watengeneze ramani ya matukio. Yeye, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaiweka hewani kwa siku chache tu. Wananchi wakatuma taarifa kwa wavuti na kwa ujumbe wa simu. Baadaye programu hiyo ilipotolewa ili yeyote duniani aitumie, ilijengwa kwa PHP juu ya fremuweki iitwayo Kohana. Kila ombi liliingia kupitia faili moja, index.php. Anwani ikiwa reports/submit, Kohana inaita kontrola ya reports na kazi yake ya submit, fomu inakaguliwa, na kilichokosekana mtumaji anaambiwa.

Halafu kuna hili: taarifa ikishaingia, msimamizi anaiidhinisha ionekane, na kuithibitisha ni hatua nyingine kabisa. Kupokelewa, kuidhinishwa, kuthibitishwa, vitu vitatu tofauti! Fikiria mtu aliyejificha anaandika kwamba nyumba ya jirani inachomwa. Huwezi kumwambia asante kwa kitu ambacho hujakishika.

Jioni nikamsimulia babu. Sikutegemea aelewe habari za seva, lakini neno "ombi" lilimgusa. Alikuwa na miaka saba mwaka 1951 serikali ya mkoloni ilipowahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, hapo juu yetu, ili wazungu wafuge. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, na kesi yao ikapelekwa na mwanasheria Earle Seaton. Walisikilizwa. Azimio la kuwaunga mkono likakosa theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu, na ardhi haikurudi wakati ule.

"Kirilo alirudi na jibu," babu akasema. "Baya, lakini jibu. Watu wakajua waanzie wapi tena. Wewe shangazi yako umemfunga mdomo kwa asante."

Sikuwa na la kusema. Nilikunywa uji wangu kimya.

Basi nimeandika upya upande wote wa kupokea kwa kutumia Laravel, fremuweki iliyotoka mwaka 2011. Yenyewe ina mkaguzi anayepima uzito wa ombi kabla halijafika kwenye programu yangu. Nimetuma picha ya mega 9 makusudi: ikarudi 413, nami nimeiwekea maneno ya Kiswahili, "Picha ni kubwa mno, taarifa HAIJAPOKELEWA, punguza utume tena." Na asante haitoki mpaka hifadhidata ikubali, inatoka na namba ya taarifa ya mtu kuja kudai nayo. Makosa sijayaficha tena, yanaandikwa kwenye faili ninalolisoma kila asubuhi.

Ya shangazi haikuwezekana kuiokoa. Jana tulikwenda wawili kwa miguu ofisi ya kijiji na barua ya mkono, nakala mbili. Wakachukua moja, ya pili wakaigonga muhuri na tarehe wakamrudishia. Bila picha hawakuahidi chochote. Shangazi ameikunja hiyo nakala ameiweka ndani ya Biblia, na njia nzima ya kurudi hakunisema hata neno. Bora angenisema.

Haya, natetea Jumatano, niombeeni. Supavaiza akiuliza kwa nini nimebadilisha mfumo wiki ya mwisho, nitamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi. Na wewe uliyeazima flashi yangu tangu semista iliyopita, nakuona unasoma. Irudishe!