Uji wa Mtama Mwekundu: Hadithi Inapokataa Kuishia Harusini

Maskini mmoja alikuwa akichakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama za kutulizia njaa. Siku moja akaokota thumuni, sehemu ya nane ya riale, akaitoa yote kumnunua paa. Watu wakamcheka. Kumbe paa yule alikuwa na kauli. Akapata almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kama zawadi ya bwana wake, aliyemwita Sultani Darai, akamposea bwana binti wa sultani huyo. Harusi ilipokaribia, akamwacha bwana wake uchi mtoni na kumweleza sultani kwamba wezi wamemvua nguo. Mavazi yakaja. Kisha paa akatangulia mbio, akamuua nyoka wa vichwa saba na kumkabidhi bwana jumba la nyoka na mali yote iliyokuwamo.

Hadithi hii aliiandika Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, kutoka vinywani mwa wenyeji. Ilichapishwa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Aliyesoma ngano za Ulaya ataitambua mara moja. Ni yule paka aliyevaa viatu wa Charles Perrault, Ufaransa, 1697: maskini, mnyama msema kweli kwa bwana wake na msema uongo kwa wengine wote, nguo "zilizoibwa" mtoni, jumba la dubwana, binti wa mfalme. Kwingineko mnyama huyo ni mbweha, na Ufilipino ni kima. Mifupa ni ileile.

Mfanano wa namna hii ndio uliowafanya wataalamu watafute kanuni moja ya hadithi zote. Vladimir Propp alipochapisha utafiti wake Leningrad mwaka 1928, alikuwa amechambua ngano mia moja za Kirusi na kuonyesha kwamba wahusika hubadilika majina na sura ilhali matendo yao yanafuatana kwa mpangilio uleule. Aliyahesabu matendo hayo 31. La kwanza ni mtu kuondoka nyumbani. La mwisho ni shujaa kuoa na kukalia kiti cha enzi. Propp mwenyewe alijiwekea mipaka: alisema juu ya ngano za ajabu za Kirusi tu. Waliomfuata hawakuwa na subira hiyo. Joseph Campbell, katika kitabu chake cha 1949, aliwakusanya mashujaa wa dunia nzima katika safari moja ya kuondoka, kujaribiwa na kurudi. Filamu ya Star Wars ya 1977 ilipofanikiwa na mwongozaji wake akakiri deni lake kwa Campbell, safari hiyo ikageuka fomyula. Leo mwandishi chipukizi wa miswada ya filamu, awe Nairobi au Dar es Salaam, hukabidhiwa hatua kumi na mbili na kuambiwa kwamba hivyo ndivyo binadamu anavyoguswa na hadithi.

Mimi nasema sivyo. Muundo wa pamoja upo, na anayeukana anajisumbua bure. Lakini kazi yake ni kuifanya hadithi ifuatike, isimulike na ivuke bahari. Mguso ni jambo jingine, na mara nyingi hutokea pale fanani anapouvunja muundo huo kwa sababu jamii yake ina daawa ambayo harusi haiwezi kuimaliza.

Turudi kwa paa. Kwa hesabu ya Propp, harusi ikishafungwa kisa kimekwisha. Perrault anakomea hapo: paka anakuwa bwana mkubwa na hafukuzi panya tena ila kwa kujifurahisha. Fanani wa Unguja ndiyo kwanza anakaza sauti. Paa anaumwa. Analala chini, bwana yuko juu ghorofani na mkewe, na kati yao yuko kizee wa nyumba ile anayepanda na kushuka na maneno. Kizee anasema paa ni mgonjwa, afanyiwe nini? Bwana anajibu apikiwe uji wa mtama mwekundu. Kizee anashindwa kuamini. Mke naye anashangaa, anamkumbusha mumewe kwamba kila walicho nacho kimetoka kwa paa. Bwana hatikisiki: paa ni nani hata ashughulikiwe hivyo, naye alinunuliwa kwa thumuni?

Hapa pana ufundi ambao hatua kumi na mbili haziuoni. Thumuni imerudi. Mwanzoni ilikuwa mali yote ya mtu asiye na kitu. Sasa imekuwa kipimo cha thamani ya aliyemtoa jaani. Mtama nao umerudi. Zile punje alizokuwa akizichakura ndizo anazompimia mfadhili wake, huku wali na maziwa vimejaa nyumbani. Msikilizaji wa Unguja hakuhitaji kuelezwa uji ule maana yake nini. Alijua mtama mwekundu unaliwa na nani na wali unapikiwa nani. Katika kisiwa ambacho soko la watumwa lilikuwa bado wazi wakati Steere anaandika, na halikufungwa hadi 1873, aliyejua pia uzito wa mtu kumwambia mwingine "nilikununua" hakuwa mmoja wala wawili.

Mke anampelekea mgonjwa chakula chema kwa siri, lakini amechelewa. Paa anafariki, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Mji unamlilia. Usiku mke anaota yuko kwa baba yake, akiamka yuko huko kweli. Mume anaota anachakura jaani, akiamka mkono wake umo jaani.

Wapo watakaosema mfanano wa Unguja na Ulaya hauthibitishi lolote kuhusu nafsi ya binadamu, kwa kuwa hadithi ilisafiri tu, kama zilivyosafiri nguo na mchele kwa majahazi. Nakubali kwamba ilisafiri. Napoli, katika mkusanyiko wa Giambattista Basile ulioanza kuchapishwa mwaka 1634, paka anajifanya amekufa ili ampime bwana wake, na bwana anasema atupwe dirishani. Paka anainuka, anamsuta na kwenda zake. Kwa hiyo swali la shukrani lilikuwamo safarini kabla ya Perrault kuliondoa. Lakini Napoli lilikuwa jaribio, na paka akatoka mzima. Unguja paa alikufa kweli, na bwana akalipa. Jahazi halielezi tofauti hiyo. Inaelezwa na watu waliokuwa na methali isemayo mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi, na waliotaka kuiona ikitendeka hadi mwisho wake mchungu.

Ushahidi mwingine unatoka Nigeria. Mwanaanthropolojia Laura Bohannan, katika makala yake ya 1966, anaeleza jinsi alivyowasimulia wazee wa Kitiv kisa cha tamthilia ya Hamlet akiamini kwamba binadamu ni mmoja na kisa kitaeleweka popote. Kilieleweka, lakini kwa namna yao. Claudius, ami yake Hamlet, kumwoa mjane wa nduguye upesi hakukuwa aibu kwao. Alifanya vyema, kwani nani mwingine angemlimia shamba? Mzimu wa baba yake Hamlet hawakuukubali. Waliona ni ishara iliyotumwa na mchawi. Ninachokithamini zaidi katika makala hiyo ni kwamba wazee nao walisema watu ni walewale kila mahali, ndiyo maana wakamsahihisha mgeni hadithi yake. Pande zote mbili ziliamini umoja wa binadamu. Kilichowatenganisha ni nani ana deni kwa nani ndugu anapokufa.

Kwa hiyo ninapoulizwa hadithi fulani inagusa kwa nini, siulizi tena iko hatua ya ngapi ya safari. Nauliza ni deni gani limewekwa mbele ya hadhira, na hadhira ililijua kwa jina gani kabla fanani hajafungua kinywa. Maswali haya hayapatiwi jibu kwa muhtasari wa msuko, na ndiyo maana mikusanyiko yetu mingi ya fasihi simulizi, iliyobana kila ngano katika nusu ukurasa, haitusaidii. Uji hupotea kwanza.

Nawasihi wenzangu wanaorekodi wazee Lamu, Pemba na Kilwa: msizime kinasa sauti harusi inapofika. Andikeni nani alipikiwa nini, na andikeni pia wasikilizaji walibishana juu ya nini hadithi ilipokwisha.