Nembo zinazobaki Dadaab baada ya msaada kwisha

MIKEBE ya mafuta ya kupikia, iliyokunjuliwa na kupigiliwa misumari, imetumiwa kwa miaka mingi kutengeneza milango na kuta katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Juu ya mabati hayo husomeka jina la Shirika la Maendeleo ya Kimataifa la Marekani (USAID), pamoja na mikono miwili iliyoshikana, alama ambayo taifa hilo lilianza kuipiga kwenye misaada yake katika miaka ya 1950. Maneno ya kueleza kwamba msaada umetoka kwa watu wa Marekani yaliongezwa mwaka wa 2004. Shughuli za USAID zilikoma Julai 1, 2025, ila nembo iliyochapishwa kwenye bati haifutiki kwa agizo la afisi.

Utambulisho wa chapa ni jumla ya nembo, rangi, aina ya herufi na vitu vyote vinavyochapishwa alama hizo. Anayeubuni kwa kujali mazingira hana budi kujiuliza mapema: kitu kilichobeba nembo kitaishia wapi kikishatumika?

Swali hilo ni zito Dadaab kuliko Nairobi. Kambi hizo zilianza mwaka wa 1991 kuwapokea Wasomali waliokimbia vita, zikikusudiwa watu 90,000. Kufikia 2011, mwaka wa ukame mkali na njaa nchini Somalia, zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Karibu kila kitu huletwa kwa lori kutoka mbali, na kinachokuja ndani ya mfuko huacha mfuko nyuma.

Mkebe wa bati, angalau, hupata kazi ya pili. Gunia la plastiki lililofumwa hugeuka mkeka au kiraka cha paa, kisha jua kali hulifanya likatike nyuzinyuzi. Turubai nalo halidumu. Mifuko myepesi ndiyo mibaya zaidi, kwani upepo huinasisha kwenye miiba ambako mbuzi na ng'ombe huila, na mfugaji hupata hasara ambayo mwenye nembo hataisikia kamwe.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Agosti 28, 2017, kwa adhabu ya faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne. Plastiki inayofungia bidhaa viwandani iliachwa nje ya marufuku hayo. Baadaye, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 iliwatwika watengenezaji wajibu wa kufuatilia bidhaa na mifuko yao hata baada ya kuuzwa.

Kwa mbunifu, hatua za kuchukua si za ajabu. Nembo inayosomeka kwa wino wa rangi moja hutumia wino mchache kuliko ile inayofunika gunia zima. Karatasi iliyopakwa utando wa plastiki ili ing'ae ni vigumu kuichakata upya. Tarehe na jina la mradi, vikichapishwa kwenye kila kitu, huifanya shehena nzuri ionekane imepitwa na wakati. Heri viandikwe kwenye kibandiko kidogo cha karatasi. Wafadhili hupenda nembo kubwa ili waonekane, na hapo ndipo mvutano ulipo.

Kupunguza magunia pekee hakutoshi. Mwaka wa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kutumia Bamba Chakula kambini Dadaab, mpango wa kuwapa wakimbizi sehemu ya mgao wao kupitia simu ili wanunue kwa wafanyabiashara. Gunia kubwa la msaada linapoachia nafasi pakiti ndogo za dukani, taka hazitoweki. Hubadilisha umbo na mwenyewe.

Serikali ilizindua Mpango wa Shirika mnamo Machi 2025, ikilenga kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kudumu yanayowajumuisha wakimbizi na wenyeji. Maduka yatahitaji kutambulika. Wasomali wana desturi ya zamani, iliyosifika sana Mogadishu, ya kuchora bidhaa kwa rangi kwenye ukuta wa duka: mkebe wa maziwa, kiatu, kichwa kilichonyolewa. Mchoro huo hauhitaji mfuko wala bango la plastiki, na duka likibadilisha mwenyewe, hupakwa chokaa na kuchorwa upya.