Buibui na Kifaru Begani

Ndugu msomaji, kabla hujatazama bunduki ya askari, hebu mtazame begani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Waingereza lilizishonea divisheni zake nembo za picha, bila namba wala jina. Mwenzako akujue, adui abaki anabahatisha. Lakini picha haikai kimya, nayo ina maneno yake.

Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi. Nembo yake? Buibui mweusi juu ya rangi ya njano. Si buibui wa darini, bwana! Huyu ni Ananse, yule mjanja wa ngano za Waashanti, mdogo wa mwili, anayewashinda wakubwa kwa akili. Alishonwa kichwa kikielekea chini, ili askari akinyoosha mkono kulenga shabaha, buibui aonekane anatembea kwenda mbele.

Mwaka huohuo ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: vijana wa KAR kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Hawa walivishwa kichwa cha kifaru. Pembe, ngozi ngumu, mbio za hasira. Sawa, kifaru ana nguvu, ila macho yake hayaoni mbali. Na katika ngano zetu mshindi si yeye. Mshindi ni Sungura.

Mwaka 1944 askari wa kifaru wakaingia bonde la Kabaw, huko Burma, mvua zikinyesha. Tope, malaria, na Wajapani waliojificha msituni. Mahali kama pale, kukurupuka ni kufa. Ilibidi kunyata, kusikiliza, kuvizia. Desemba wakavuka mto Chindwin. Begani kifaru, kichwani Sungura.

Miongoni mwa Waafrika wa KAR waliopigana Burma alikuwamo Waruhiu Itote. Miaka ya 1950 huyo ndiye Jenerali China, kamanda wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya, akipigana na Waingereza walewale waliomfundisha bunduki. Nembo alivishwa, somo alilichukua mwenyewe.

Leo ukisema "kifaru", wengi hufikiria gari la chuma lenye mzinga. Sungura bado hana bega la kukaa. Enyi wenye kalamu, nani atamshonea?