Rufani ya Kuruma na Haki ya Aliyepekuliwa

Katika mashtaka yote yanayofikishwa mbele ya hakimu, shtaka la kupatikana na kitu kilichoharamishwa, kiwe risasi au bangi, ndilo linalotegemea mno kauli ya askari. Kwani aliyepekua ndiye mshitaki, ndiye shahidi, na aghalabu ndiye mtunzaji wa kielelezo tangu siku ya kukamatwa hata siku ya hukumu. Mshtakiwa akitiwa hatiani, naye angali akikana kwamba kitu kile kilikuwa chake, kimbilio lake ni rufani tu. Na katika Afrika ya Mashariki tarehe ya rufani za namna hii haisimuliki pasipo kumtaja Kuruma bin Kaniu.

Kuruma alikuwa mfanyakazi wa shamba nchini Kenya katika zama za Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakati ambapo kupatikana na risasi pasipo ruhusa kulikuwa kosa la kunyongwa. Siku ya mapumziko yake alipanda baiskeli kwenda kwao, akashika njia yenye kizuizi cha polisi ilhali ilikuwako nyingine isiyokuwa nacho. Askari walimpekua, wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Kanuni za wakati ule ziliruhusu upekuzi wa namna ile kwa afisa asiyepungua cheo cha mkaguzi msaidizi, na waliompekua hawakukifikia cheo hicho. Kisu chenyewe hakikuletwa mahakamani, wala watu watatu waliosemekana kuushuhudia upekuzi hawakuitwa kutoa ushahidi. Pamoja na hayo yote, mahakama ya dharura ya Thika ilimhukumu kifo, na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ikaithibitisha hukumu hiyo.

Shauri likavuka bahari hata kwenye Baraza la Malkia huko London, na mnamo Disemba 1954 Lord Goddard akatoa uamuzi: ushahidi unaohusika na jambo linalobishaniwa hupokewa, wala si kazi ya mahakama kuuliza umepatikana kwa njia gani, ingawa hakimu anayo hiari ya kuukataa iwapo kuupokea kutamdhulumu mshtakiwa. Rufani ikatupwa. Lakini majaji wale wale, kwa kutoridhika na habari ya kisu na ya mashahidi wasioitwa, walisema watalifikisha jambo hilo kwa waziri wa makoloni. Yaani walichokiona hakikunyooka, walikiacha kwa hisani ya serikali badala ya kukitia katika mizani ya sheria.

Dola huru zilizofuata hazikukinai kwa hisani hiyo. Tanzania, katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, ilimlazimu askari anayetwaa mali atoe stakabadhi yenye saini za mwenye mahali na za mashahidi, ikaipa mahakama uwezo wa kuutupa ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi usipokewe endapo utaharibu uadilifu wa kesi. Kwa hiyo leo, katika rufani nyingi za dawa za kulevya, mabishano huwa juu ya stakabadhi hiyo, na juu ya mnyororo wa makabidhiano: nani aliikamata misokoto, aliikabidhi kwa nani, ilifungwa na kutiwa alama vipi, na je, iliyopimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo hiyo iliyotoka mfukoni mwa mshtakiwa?

Wako wanaonung'unika kwamba kumwachia mtu kwa kasoro ya karatasi ni kuwapa nguvu wauza bangi. Madhara ya dawa hizo hayakanushiki. Lakini karatasi hiyo ndiyo shahidi pekee asiyekuwa askari, na polisi wanaoijaza barabara hawana la kuhofu katika rufani. Wasioijaza wanatutaka tuwasadiki kwa neno lao tupu, kama Kuruma alivyotakiwa kufa kwa neno la waliompekua.